Kadi ya harusi isiyopasuka kwenye mkunjo: anza na karatasi kabla ya dizaini

Mambo vipi watu wangu, karibuni tena mezani. Leo kama mnavyoona meza imejaa makaratasi, mizani ya jikoni nimeiazima kwa wife, kuna kijiko, kuna peni iliyoisha wino, na usicheke, vyote vina kazi. Tunatengeneza kadi ya mwaliko wa harusi, ile ya kukunja katikati, ikifungwa inakuwa saizi ya A6 na inaingia kwenye bahasha ya C6 bila kulazimisha. Wengi mmeniandikia mnataka dizaini, dizaini, fonti gani, maua gani. Dizaini itakuja. Kwanza tuongee karatasi.

Hebu ngoja niwaoneshe kitu. Hii kadi hapa, nasogeza karibu na kamera, unaona huu mstari mweupe katikati kwenye hii rangi ya maruni? Hapo rangi imepasuka. Hizi ni za sendofu ya binti ya mama mdogo, niliprinti 300, na kosa ni langu mwenyewe mia kwa mia. Dizaini ilikuwa kali, rangi zilitoka vizuri, karatasi nene, ila tulipoanza kukunja zikaanza kupasuka moja baada ya nyingine, mama mdogo anaangalia tu hasemi kitu, na ukimwona mama wa Kitanga anakaa kimya ujue pabaya. Basi ntakuelezea kilichotokea maana ukikijua hicho umejua nusu ya kazi.

Hatua ya kwanza, jua uzito wa karatasi yako. Dukani utaambiwa "hii ni 300" na wewe utakubali. Usikubali, pima. A0 ina ukubwa wa mita mraba moja kamili, na ndani ya A0 zinatoka A4 16, na GSM ndo gramu kwa mita mraba moja, kwa hiyo ukiweka A4 16 kwenye mizani gramu utakazosoma ndo GSM yenyewe, hakuna kupiga hesabu. Hizi bondi za kawaida za ofisini naweka 16... themanini. Safi. Sasa karatasi nene ukiomba sampuli hupewi 16, unapewa nne, basi pima nne afu zidisha kwa nne. Hizi nne zimesoma 62, mara nne ni 248, hii ni 250 sio 300, na tuliambiwa 300. Unaona faida ya mizani.

Kwa kadi ya kukunja mimi nakaa kati ya 250 na 300. Chini ya 200 kadi ukiisimamisha mezani inalala kama imechoka. Ukipanda sana juu ya 300 inakuwa mbishi kukunjika na bahasha inavimba.

Hatua ya pili, aina ya karatasi, na hapa tutakaa kidogo. Kuna atikadi, hii inayong'aa, juu imepakwa tabaka la udongo mweupe laini au chokaa, wino unabaki juu kwa hiyo picha inatoka na rangi kali. Kuna ambayo haijapakwa, ukiipapasa inakwaruza kidogo, wino unazama ndani ya nyuzi na kusambaa, rangi zinapoa na picha inakuwa nyeusi kidogo kuliko ulivyoiona kwenye simu. Kama kadi yako ina picha ya maharusi, sura za watu weusi kama sisi kwenye karatasi isiyopakwa zinazama, macho yanapotea, ongeza mwanga kwenye picha kabla hujaipeleka au weka picha kwenye atikadi. Kama ni maandishi na pambo dogo tu, karatasi isiyopakwa ina heshima yake, mtu akiishika kidole kinajua.

Na kuna jambo watu wa dizaini wanalisahau kila siku. Kadi zetu huku zinaandikwa jina kwa mkono. Kuna ule mstari wa nukta nukta, Bw. na Bi., na pembeni Single au Double. Sasa angalia, nachukua peni ya kawaida naandika kwenye hii iliyopigwa laminesheni ya kung'aa, yani plastiki nyembamba iliyobandikwa juu... inateleza, haishiki, na hapo iliposhika nikipitisha kidole, ona, imefutika. Kamati ya harusi itakaa usiku inaandika majina 200 kwa makapeni ya kuazimana na wino unachafua kila mahali. Kwa hiyo nje fanya utakavyo, ndani pale pa jina pabaki karatasi tupu. Omba ile karatasi iliyopakwa upande mmoja tu, nje inang'aa, ndani inashika peni.

Ila ukipiga laminesheni upande mmoja jua na gharama yake. Dar hii, hasa masika, hewa imejaa unyevu, upande ulio wazi unanyonya maji unatanuka, upande wenye plastiki hautanuki, kadi inajikunja yenyewe kuelekea upande wa plastiki kama dagaa juani. Ndo maana mimi kadi za kukunja siku hizi sipigi laminesheni kabisa. Karatasi nzuri haihitaji koti.

Haya, hatua ya tatu, na kama utaangalia kipande kimoja tu cha hii video angalia hiki. Uzi wa karatasi. Karatasi ina uzi kama mbao ilivyo na uzi. Kiwandani rojo la nyuzi linamwagwa juu ya wavu unaokimbia, na nyuzi zinalala kufuata mwendo wa wavu kama magogo yanavyofuata mkondo wa mto. Ukikunja kufuata uzi, nyuzi zinaachana kwa amani. Ukikunja kukatiza uzi, unazivunja, na lile tabaka la juu pamoja na tona, yani wino wa unga wa mashine, vinapasuka ndo unapata ule mstari mweupe niliokuonesha.

Unaujuaje uzi? Nakata kipande kidogo cha mraba, naweka alama ya mshale nisisahau upande, nalowesha upande mmoja kwa kidole chenye maji. Subiri... ona, inajiviringisha yenyewe kama bomba. Uzi unaenda kwa urefu wa lile bomba. Njia nyingine ni kuchana, ukichana kufuata uzi inachanika karibu na mstari, ukikatiza inakwenda zigizaga. Au pindisha karatasi nzima taratibu bila kuikunja, kwa upande huu, afu kwa upande huu, ule uliokuwa laini mkononi ndo mkunjo wako. Fundi mzoefu haloweshi wala hachani, anaipindisha mara mbili tu anajua.

Sasa kosa langu. Mashine za dijitali huku nyingi zinakula karatasi ya SRA3, milimita 320 kwa 450. Kadi yangu ikiwa wazi ni A5, ukiongeza milimita 3 kila upande za kukatia inakuwa 154 kwa 216. Kwenye SRA3 zinaingia nne bila shida, mbili kwa mbili. Kadi 300, karatasi 75, nikajiona mjanja wa bajeti. Kumbe zikipangwa nne hivyo, mstari wa mkunjo unakwenda sambamba na ule upande mfupi wa 320, na karatasi niliyonunua uzi wake ulikuwa kwenye upande mrefu. Yani kila kadi, zote 300, mkunjo ulikatiza uzi. Na mimi tena nikaweka maruni nzito ipite katikati. Ningegeuza zikae mbili mbili mkunjo ungefuata uzi ila ningekula karatasi 150, na hiyo ndo pesa niliyokuwa naikimbia.

Njia ziko tatu. Ya kwanza nunua karatasi ya uzi mfupi, kwenye lebo ya bunda tafuta herufi SG, ya uzi mrefu inaandikwa LG, na wengine wanapiga mstari chini ya ile namba ambayo uzi unaifuata. Sio kila duka Kariakoo litakuwa nayo, uliza mapema. Ya pili lipia karatasi mara mbili, roho itauma ila mkunjo utakuwa safi. Ya tatu ndo ninayoipenda, badilisha umbo la kadi. Ile ile A5 ikunje kwa urefu, inakuwa ndefu nyembamba, 74 kwa 210, inaingia bahasha ya DL, zinaingia nne kwenye SRA3 vile vile na mkunjo unafuata uzi mrefu. Karatasi 75 zile zile! Laiti ningejua siku ile mama mdogo angenisemesha mpaka leo. Leo lakini nimeipata ya uzi mfupi kwa hiyo tunabaki na umbo letu.

Hatua ya nne, kuandaa faili, hapa napita haraka. Milimita 3 za kukatia pande zote. Rangi weka CMYK, yani zile rangi nne za printa. Rangi nzito isipite kwenye mkunjo kama unaweza kuiepusha. Maandishi meupe juu ya rangi nzito kwenye karatasi isiyopakwa usiyafanye membamba, wino utayameza. Na dhahabu, jamani, dhahabu ya kwenye skrini ikitoka kwenye printa ya rangi nne ni haradali, sio dhahabu. Unataka dhahabu, piga foili ya moto, yani utando wa kung'aa unaobandikwa kwa joto, na foili inataka karatasi nyororo, ukiichukua ile yenye mabonde mabonde foili inashika vilimani tu.

Usiprinti zote. Printi moja, itoe nje kwenye mwanga wa jua, ikunje, andika jina kwa peni, isugue kwa dole gumba. Ukiridhika sasa ruhusu mashine iendelee. Na lile bunda la karatasi usilifungue nyumbani kwenye joto afu ulipeleke kwenye chumba cha AC, liache na karatasi yake ya nje mpaka dakika ya kuprinti, la sivyo kingo zinafanya mawimbi na mashine inazitafuna.

Hatua ya tano, kukata. Kama ni 300 peleka kwenye gilotini, ile mashine ya kukata rundo zima, omba waweke karatasi ya kutupa juu na chini ya rundo ili zako zisipate alama. Kama ni 20 au 30 kata mwenyewe, rula ya chuma, wembe mpya, ule wa kisu cha kuvunja ncha. Pitisha kwa wepesi mara tatu nne, usikandamize mara moja, ukikandamiza rula inahama na kingo inakuwa na manyoya. Wembe ukianza kukwaruza vunja ncha, ni wa bei ndogo kuliko kadi.

Hatua ya sita, mkunjo wenyewe. Hapa ndo peni iliyoisha wino. Tandika magazeti matatu manne chini yawe godoro. Kadi iweke uso wa nje ukutazame wewe. Pima katikati juu na chini, 105 na 105, weka nukta ndogo ya penseli, laza rula, vuta peni kwa kukandamiza mara mbili. Unapata mfereji. Geuza, upande wa ndani kuna kituta kidogo. Sasa sikiliza, mkunjo unakwenda kinyume na mfereji, kile kituta kibaki ndani ya kadi. Watu wengi wanakunja kuelekea kwenye mfereji kama kufunga kitabu kwenye kovu lake, na ndo inapasuka. Kituta ndani. Kunja taratibu kwa mikono miwili, linganisha kona, afu chukua mgongo wa kijiko, weka kikaratasi juu ili kisiache mng'ao, telezesha toka katikati kwenda nje. Mafundi wana kile kifaa cha mfupa, ukikipata nunua, mimi kijiko cha chai kimenitosha miaka.

Ona hii. Nasogeza kwenye kamera. Rangi ile ile ya maruni, printa ile ile, na hii nimeacha makusudi rangi ipite kwenye mkunjo. Hakuna mstari mweupe. Naisimamisha mezani, inasimama.

Zikishakunjwa zote zipange kumi kumi, migongo ikipishana kulia na kushoto ili rundo lisiegemee, weka kamusi juu au tofali lililofungwa kitambaa, ziache zilale usiku mmoja.

Hizi za jana tayari. Naandika ya kwanza. "Mama mdogo na familia"... peni inashika vizuri. Double. Hapana, subiri, yule ana wajukuu wanne. Nampa mbili.