Sanduku Si Mahali pa Shairi

Ahsante, mwenyekiti. Wanaonijua wanajua nitakalolisema leo, maana nimelisema Lamu, nimelisema Malindi, nimelisema kwenye mashuleni mpaka walimu wakawa wanatazama saa. Nitalisema tena: ulichokitunga usikifiche, wasomee watu. Nilipoingia ukumbini nimeona mikoba iliyokumbatiwa kifuani kama mtoto mchanga, na najua ndani mna nini. Mna daftari.

Nianze na mjomba wangu.

Mjomba alikuwa karani hapa bandarini Kilindini. Mtu wa hesabu, maneno machache, kalamu mbili mfukoni siku zote. Alipofariki, hitima ilipokwisha, mkaza mjomba, yaani mkewe, akatuita tumtolee sanduku la bati lililokuwa chini ya kitanda. Tulidhani mna hati za nyumba. Tukaliinua, na kitako chake kikabaki sakafuni. Kutu ilikuwa imekila, na mchwa walikwisha kuingia. Ndani mlikuwa na madaftari saba ya shule. Manne yalikuwa udongo, ukiyashika yanamomonyoka. Matatu yalikuwa nusu nusu, kila ukurasa umeliwa upande wa kulia, kuanzia katikati.

Mnaotunga mmeshaelewa. Mshororo wa mizani 16, yaani silabi 16: nane za ukwapi, nusu ya kwanza, na nane za utao, nusu ya pili. Mchwa walikula utao wote. Ukwapi ulibaki, vina vya kati vimejipanga vizuri juu hadi chini kwa mwandiko wake wa kikarani, na baada ya hapo hamna kitu, ni ukingo wa karatasi uliotafunwa na vumbi jekundu.

Ukurasa mmoja ulikuwa na jina la mkewe juu yake. Mkaza mjomba hakuwa na miwani, akanambia, “Nisomee, mwanangu.” Nikasoma: “Nimekuweka moyoni.” Nikanyamaza. “Endelea.” Nikasoma wa pili: “Sikutoi hadharani.” Nikanyamaza tena. Akaniuliza, “Hanitoi hadharani kwa nini?” Nikamwambia, mama, jawabu limeliwa. Akaketi kitandani. Akasema, “Miaka 41 nalala juu ya sanduku hili. Sikusomewa hata ubeti mmoja.”

Nimekaa na maneno hayo miaka mingi, ndiyo maana hamnisikii nikizungumza jambo jingine. Mjomba hakuwa mvivu wala hakukosa kipaji. Vina vile vilikuwa vya mtu aliyezijua kazi za wazee wake. Aliogopa. Kibarazani kwao palikuwa na mabingwa wa lugha, mizani ikizidi moja tu wanaguna, na yeye aliona afadhali anyamaze kuliko kugunwa. Sasa niambieni, kuna mguno wa barazani ungeweza kufika uzito wa jioni ile?

Mji wetu huu wa Mombasa una mfano wa upande wa pili, na nashangaa hatuufundishi hivyo. Muyaka bin Haji, malenga wetu wa zamani. Habari zake za Mazrui, watawala wa Mombasa, na hasimu wao Sayyid Said, sultani wa Oman na Unguja, mnazijua, sitazirudia. Ninalolitaka ni hili: Muyaka alifariki kama mwaka 1840, na hakuacha diwani, kitabu cha mashairi yake, iliyopigwa chapa. Miaka 40 na zaidi ikapita. Ndipo Mwalimu Sikujua akaanza kuyakusanya mashairi yale, akayaandika kwa hati za Kiarabu, akisaidiana na mmishenari Mwingereza, William Taylor. Na kitabu kilitoka mwaka 1940, Johannesburg, miaka 100 baada ya mwenyewe kuzikwa. Miaka yote hiyo kabla Sikujua hajashika kalamu, mashairi yalikuwa yamehifadhiwa wapi? Vinywani. Kwa sababu aliyatoa. Wataalamu husema yeye ndiye aliyelitoa shairi msikitini akalitia sokoni, na sokoni hakuna mchwa. Alimtungia mtu, mtu akamjibu, naye akajibu jibu. Watu wa Lamu walimpiga kwa beti naye akawarudishia kwa beti. Utungo wa Waswahili tangu zamani ni wa kujibizana. Ukilifunga shairi sandukuni umelinyima haki yake ya kujibiwa, na wewe umejinyima mwalimu, kwa kuwa anayekujibu ndiye anayekuonyesha ulipoteleza.

Najua mnavyonijibu moyoni, nimeshayasikia yote.

“Bado halijaiva.” Kwani mpishi anaonja chumvi lini? Sufuria ikiwa motoni. Akingoja mpaka wali ufike kwenye sinia mbele ya wageni ndipo aonje, amechelewa. Kijana mmoja aliniambia riwaya yake inaiva tangu yuko kidato cha tatu. Sasa ana watoto wawili! Nikamwomba anisomee kurasa mbili, pale pale, chini ya mwembe. Ukurasa wa kwanza ulikuwa mzito. Wa pili, mhusika alipoanza kugombana na mamake juu ya ndoo ya maji, muuza madafu aliyekuwa jirani akaacha kukata dafu. Kijana hakumwona, macho yalikuwa kwenye karatasi. Mimi nilimwona. Mwaka mzima angekaa chumbani asingejua kwamba riwaya yake inaanzia kwenye ile ndoo.

“Watanicheka.” Ndiyo, watacheka baadhi yao. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab, alitoka Fumba, muuza vyungu, na mjini Unguja walimtungia maneno ya kumdhihaki kwa umaskini wake, kwa kaniki, hata kwa sura. Hakurudi shamba. Aliwajibu kwa wimbo, kwamba hasara ya mtu ni kukosa akili, na mwaka 1928 alipanda meli kwenda Bombay akaimba ndani ya santuri. Majina ya waliomcheka ameyaweka nani?

“Mambo ninayoandika ni ya hatari.” Hili silichezei. Mshairi Abdilatif Abdalla, mtoto wa Mombasa hii hii, alifungwa miaka mitatu kwa kijikaratasi chake cha siasa, na akiwa gerezani akatunga kwa siri juu ya karatasi za chooni. Mashairi hayo yakachapishwa mwaka 1973, na mwaka uliofuata yakapata Tuzo ya Jomo Kenyatta ya fasihi. Mwenye sababu ya kweli ya kuficha alikuwa yeye. Kwa hiyo ukiniambia unaogopa dola, tutakaa tuzungumze kwa makini. Ukiniambia unaogopa shemeji yako atasema nini, hapo nitakukatiza.

“Wataniibia.” Hili naulizwa kila mahali, na vijana ndio hulishika zaidi. Sheria ya Kenya inakupa hakimiliki tangu ulipoandika kazi yako, hata kabla hujaisajili. Kusajili ni hiari, ni ushahidi wa kukusaidia mambo yakiharibika, na Bodi ya Hakimiliki ndiyo kazi yake. Tia tarehe. Weka nakala. Lakini sikiliza: shairi lililosikiwa na watu 30 wakiwa na jina lako midomoni ni gumu kuibiwa kuliko lile lisilojulikana ila na wewe na mchwa. Wazee walitia majina yao ndani ya beti za mwisho kwa sababu hiyo hiyo. Mficha uchi hazai, na haya si maneno yangu.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikuwa na mambo manne, nimesema moja na robo. Basi haraka haraka.

Usianze na ukumbi. Anza na mtu mmoja, na umchague. Asiwe mama yako, mama atasifu tu, wala asiwe yule rafiki anayeona kila kitu kibaya. Msomee kwa sauti, usimpe karatasi, maana ulimi wako wenyewe utajikwaa pale mizani ilipozidi. Ukimaliza usimuulize “ni nzuri?” Hapo unamlazimisha akudanganye. Muulize ni wapi alipoanza kuwaza mambo mengine. Kisha nyamaza. Usijitetee, usieleze ulichokusudia. Hilo la kunyamaza ndilo gumu, nililipata nikiwa na miaka 50 na kitu.

Kundi la WhatsApp ni zuri, lakini dole gumba si jibu. Ya tuzo na wachapishaji nilitaka kuyasema kwa urefu, sasa hayana nafasi, tutayapangia siku yake.

Mkaza mjomba yu hai. Kurasa tatu za yale madaftari, nilizotiliwa plastiki na duka la picha, ziko kwenye kabati lake la vyombo, na mjukuu wake wa darasa la saba anazijazia utao. Kila Ijumaa anamletea bibi nusu mpya ya mshororo, bibi anasikiliza, anatikisa kichwa: “Siye huyo. Babuyo hakusema hivyo.” Mtoto anarudi kujaribu tena.

Mimi nitakuwa pale mlangoni mpaka adhuhuri. Mwenye daftari aje nalo, afungue, anisomee. Sichukui karatasi kwenda nazo nyumbani.