Mfuko wa kanisa: jinsi ya kukadiria uwekezaji wake kwa ripoti za wazi

Yambo yenu, ndugu na dada wa Lubumbashi, Likasi, Kolwezi, na nyote mnaotutazama kutoka mbali. Leo ni hesabu tupu. Nimechoka na ule ujumbe wa WhatsApp unaozunguka kila mara: "Kanisa fulani lina dola bilioni mia moja!" Uliza nani kahesabu, ya mwaka gani, ndani yake mna nini. Kimya. Basi chukua kalamu na karatasi, tuhesabu wenyewe. Ninaposema bilioni, ni ile ambayo wengi hapa kwetu tunaiita miliari.

Mfano wetu ni Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo waumini wake watu wengi bado huwaita Wamormoni. Liko hapa kwetu, na Aprili 2020 lilitangaza kujenga hekalu Lubumbashi. Tena ni kanisa ambalo sehemu ya mfuko wake inaonekana kwenye karatasi za serikali ya Marekani, bure, hata kwa simu. Sitafuti ugomvi na mtu. Unayelipa fungu la kumi na usiyelipa, hesabu ni ile ile.

Hatua ya kwanza: jua ni nani anayeandika ripoti. Marekani, mashirika mengi ya hisani hupeleka ripoti ya kila mwaka kwa mamlaka ya kodi, ile fomu 990. Makanisa yamesamehewa, kwa hiyo usipoteze muda huko. Mlango tunaopitia sisi ni wa pembeni. Sheria inasema msimamizi wa fedha anayeshika hisa za masoko ya Marekani zenye thamani ya dola milioni 100 au zaidi, lazima kila robo mwaka apeleke fomu inayoitwa 13F kwa SEC, ambayo ni tume inayosimamia masoko ya hisa. Ana siku 45 baada ya robo kuisha. Sheria haimuulizi kama fedha ni za padri, za benki au za chuo kikuu. Inaangalia msimamizi tu. Na msimamizi wa fedha za kanisa hili ni kampuni ya Ensign Peak Advisors. Ukiandika jina la kanisa hutapata kitu. Andika jina la msimamizi.

Hapa simamisha video kidogo, maana pana kisa. Kati ya 1997 na 2019, jina la Ensign Peak halikuwa kwenye fomu hizo. Hisa ziliripotiwa kwa majina ya kampuni nyingine 13, kampuni za karatasi tu. Februari 2023 SEC ilitangaza kwamba Ensign Peak imekubali kulipa faini ya dola milioni 4, na kanisa lenyewe dola milioni 1. SEC hiyo hiyo ilisema kufikia 2018 hisa hizo zilikuwa zimefika karibu dola bilioni 32. Kwa hiyo mtu aliyetafuta jina la Ensign Peak mwaka 2015, akakosa, akasema "hawana kitu", alikosea kwa mabilioni. Ukichunguza shirika jingine, usiridhike na jina moja. Tafuta kampuni tanzu, linganisha anwani, soma nani ametia sahihi. Na ukiona fomu iliyoandikwa 13F-NT, maana yake hisa zimeripotiwa na mwingine. Usizijumlishe mara mbili.

Hatua ya pili: ingia kwenye EDGAR, hazina ya ripoti za SEC kwenye mtandao. Andika jina, kisha chagua fomu za 13F-HR. Tazameni hapa kwenye skrini: kila ripoti ina sehemu mbili. Ukurasa wa mbele ni mdogo sana. Jedwali la hisa ni refu, mamia kwa mamia ya mistari. Mwenye forfé, yaani bando la intaneti, ya kuhesabu mega, fungua ukurasa wa mbele kwanza, teremka hadi chini, utaona mstari wenye maneno "Value Total". Hiyo ndiyo jumla ya hisa zote kwenye ripoti. Pale pale pana idadi ya mistari. Mara nyingi hizo namba mbili zinatosha, na hujala hata nusu mega. Angalia pia kama kuna fomu yenye mkwaju na herufi A mwishoni, 13F-HR/A. Hiyo ni ya marekebisho. Soma kama inafuta ile ya kwanza au inaongeza tu juu yake.

Sasa mtego ambao umewaangusha wengi. Ripoti zilizopelekwa kabla ya Januari 2023 ziliandika thamani kwa maelfu ya dola. Kuanzia hapo zinaandikwa kwa dola kamili. Kwa hiyo ukifungua ripoti ya mwisho wa 2019 na kuona karibu milioni 37.8, hiyo si milioni, ni bilioni 37.8. Sifuri tatu zimeachwa. Ukiiweka kwenye mchoro mmoja na ripoti ya 2023 bila kurekebisha, itaonekana kama mfuko umekua mara elfu kwa miaka minne, na mtu ataandika kichwa cha habari.

Njia ya kujihakikishia ni hii. Chukua mstari mmoja wa kampuni inayojulikana, mfano Apple. Gawanya thamani kwa idadi ya hisa. Tarehe 31 Desemba 2019 hisa moja ya Apple ilifunga soko kwa dola 293.65. Jibu lako likitoka 293 na kitu, jedwali ni la dola kamili. Likitoka 0.29, ni la maelfu. Dakika moja, mashaka yamekwisha. Mimi siiamini ripoti yoyote, hata iliyopangwa vizuri namna gani, kabla ya kufanya mgawanyo huu.

Hatua ya tatu: linganisha robo na robo. Hapa watu hukimbilia thamani. Acha. Angalia idadi ya hisa. Thamani ikipanda na hisa zikabaki zile zile, hakuna makuta mapya, yaani fedha, yaliyoingia, ni bei tu imepanda sokoni. Ila hata idadi ya hisa inaweza kukuchezea. Agosti 2020 Apple iligawanya kila hisa moja kuwa nne. Mwenye hisa 100 aliamka na 400 bila kununua hata moja. Nvidia nayo ikafanya moja kwa kumi Juni 2024. Ukiona idadi imeruka mara nne au mara kumi kamili, usitangaze kwamba kanisa limenunua kwa fujo. Tafuta kwanza habari za mgawanyo.

Hatua ya nne ni ile ninayoulizwa sana hapa Katanga: "Je, wana hisa kwenye migodi yetu?" 13F inaonyesha hisa za masoko ya Marekani, basi. Glencore, yenye migodi ya Mutanda na KCC kule Kolwezi, iko kwenye soko la London na la Johannesburg. CMOC, yenye Tenke Fungurume, iko Hong Kong na Shanghai. Ivanhoe Mines wa Kamoa-Kakula wako Toronto. Hata mfuko ungekuwa na hisa zao nyingi namna gani, usitegemee kuziona kwenye jedwali hili. Barrick, wenye sehemu katika mgodi wa dhahabu wa Kibali, wako New York, hao wanaweza kuonekana. Kwa hiyo "sikuiona kwenye 13F" haina maana ya "hawana". Wala haina maana ya "wanaficha". Fomu haikuuliza.

Na kuna mengine ambayo fomu haiulizi: fedha taslimu, karibu hati fungani zote, ardhi, mashamba, majengo, kampuni zisizouzwa sokoni. Kwa kanisa lenye mashamba na majumba, hiyo ni sehemu kubwa.

Sasa tukadirie. Desemba 2019 gazeti la Washington Post liliandika kuhusu malalamiko ambayo mfanyakazi wa zamani wa Ensign Peak aliyapeleka kwa mamlaka ya kodi, yakitaja mfuko wa karibu dola bilioni 100. Miezi miwili baadaye ikatoka 13F ya bilioni 37.8. Wengine wakashangilia: "Mmeona, alidanganya!" Hapana. Namba hizo mbili hazipimi kitu kimoja. Ya kwanza ni dai kuhusu mfuko mzima. Ya pili ni sehemu iliyo kwenye soko la Marekani. Zinaweza kuwa kweli zote mbili, na fomu pekee haithibitishi ile ya kwanza.

Fanya hivi. Weka dhana yako wazi: hisa za Marekani ni asilimia ngapi ya mfuko wote? Ukisema 60, gawanya 37.8 kwa 0.6, unapata bilioni 63. Ukisema 40, unapata 94.5. Ukisema 30, unafika 126. Umeona? Karatasi ni ile ile, lakini jibu limekuwa maradufu kwa sababu ya dhana. Ndiyo maana mtu akikupa namba moja bila dhana yake, hajakupa makadirio.

Mahali ambapo kanisa linachapisha hesabu lenyewe, usikadirie, soma. Makamishna wa Kanisa la Uingereza hutoa ripoti kila mwaka, na mwisho wa 2023 mfuko wao ulikuwa pauni bilioni 10.4, misitu na mashamba yakiwemo. Hata huo ni mfuko wa chombo kimoja, si mali ya parokia zote. Rejista ya mashirika ya hisani ya Uingereza ina hesabu za mashirika mengi ya dini, unapakua bure. Kwa kanisa la mtaani kwako, komini ya Kenya au Katuba hapa Lubumbashi, 13F haitakusaidia kitu. Muulize mweka hazina.

Ukimaliza, andika sentensi yako namna hii, usiipunguze hata neno: "Kufikia tarehe 31 Desemba 2019, hisa za Marekani zilizoripotiwa na Ensign Peak zilikuwa karibu dola bilioni 37.8. Kama hizo ni kati ya asilimia 40 na 60 ya mfuko, mfuko wote ungekuwa kati ya bilioni 63 na 95. Ardhi na majengo ya ibada hayamo." Robo mpya ikitoka, katikati ya Februari, Mei, Agosti au Novemba, badilisha tarehe na namba, dhana uiache pale pale ili watu waweze kulinganisha.