Jinsi ya Kusajili Hati ya Nyumba kwa Karani wa Kaunti, Texas

Habari zenu, ndugu watazamaji. Video hii ni ya wenzetu mnaoishi Texas: mlionunua nyumba, mliopewa na mzazi au ndugu, na wale wanaotaka kumwandikia mtu nyumba mapema. Tutaifuata hati kuanzia kwenye saini mpaka iingie kwenye daftari la kaunti.

Kabla ya yote, shika hili. Hati iliyosainiwa kisha ikafungiwa kabatini inawabana hasa wewe na aliyekuuzia. Akitokea mtu mwingine akainunua nyumba hiyohiyo bila kujua habari zako, au mtu anayemdai muuzaji, sheria ya Texas inaweza kumlinda yeye, wewe ukabaki na karatasi. Kwa hiyo sajili siku ileile ukiweza.

Hatua ya kwanza: jua kaunti yako. Texas ina kaunti 254, na hati husajiliwa kwa karani wa kaunti ambako nyumba ipo, hata kama wewe unaishi kwingine. Usiamini jina la mji lililo kwenye anwani ya posta. Chukua Katy, hapa jirani na Houston: sehemu yake iko Harris, nyingine Fort Bend, nyingine Waller. Angalia bili ya kodi ya nyumba, jina la kaunti limeandikwa pale.

Hatua ya pili: isome hati yenyewe. Nimeiweka hapa kwenye skrini. Huyu ni mtoaji, yaani anayeuza au kutoa nyumba, na huyu ni mpokeaji, anayeipata. Majina yaandikwe kamili, kama yalivyo kwenye kitambulisho, maana wengi wetu tuna majina matatu au manne na kila karatasi imeyapanga kivyake. Mtoaji aandikwe kama alivyoandikwa kwenye hati iliyotangulia, la sivyo mlolongo wa umiliki unakatika.

Shuka chini kidogo. Anwani ya posta ya mpokeaji lazima iwepo. Ikikosekana utatozwa ada ya adhabu. Halafu kuna maelezo ya kisheria ya kiwanja: namba ya kiwanja, kitalu na jina la eneo lililopimwa. Namba ya nyumba na jina la mtaa havitoshi. Nakili maelezo hayo neno kwa neno kutoka hati ya zamani, usiyafupishe. Chini ya kila saini, jina liandikwe kwa herufi zinazosomeka.

Juu ya ukurasa kuna aya ya herufi nzito inayokukumbusha kwamba unaweza kuondoa namba ya Social Security na ya leseni ya udereva kabla hati haijasajiliwa. Ziondoe. Daftari hili ni la umma, mtu yeyote anaweza kulisoma.

Na hati iwe kwa Kiingereza. Karani hasajili hati ya Kiswahili kama ilivyo. Inahitaji tafsiri ya Kiingereza iliyothibitishwa. Mzazi wako kama hasomi Kiingereza, mtafutie mtu wa kumweleza kila mstari kwa lugha yake kabla hajashika kalamu. Hilo usilifanye haraka.

Hatua ya tatu: notari. Ndugu zangu kutoka Kongo na Burundi, hapa sikilizeni vizuri. Kule nyumbani notari ni mtu wa sheria, anaandaa hati na kuihifadhi. Texas si hivyo. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba anayesaini ndiye mwenyewe na amekubali kusaini kwa hiari, basi. Hajui kama maelezo ya kiwanja ni sahihi, na hana ruhusa ya kukushauri sheria. Hati iandaliwe na wakili wa Texas.

Anayesaini ni mtoaji. Kama ni nyumba wanayoishi mume na mke, wasaini wote wawili, hata kama jina lililo kwenye hati ni la mmoja. Na kama mtoaji yuko Dar es Salaam au Nairobi, anaweza kusaini mbele ya ofisa wa ubalozi wa Marekani kwa miadi, au mbele ya notari wa huko.

Hatua ya nne: nenda kwa karani. Beba hati halisi yenye saini za wino, kitambulisho chenye picha, na pesa ya ada. Ada huhesabiwa kwa kurasa: ukurasa wa kwanza katika kaunti nyingi ni kama dola 25, na kila unaoongezeka ni dola 4. Thibitisha kwenye tovuti ya kaunti yako. Texas haitozi kodi ya kuhamisha nyumba, kwa hiyo anayekudai kodi hiyo anakuibia. Ukituma kwa posta, weka bahasha yenye anwani yako ili hati irudi.

Karani hakagui kama hati ni ya haki. Anaangalia kama imetimiza masharti ya kusajiliwa, anagonga namba, tarehe na saa, anaingiza kwenye daftari. Kosa likiwemo ndani, linaingia nalo.

Sasa nikae kidogo kwenye hati ya urithi, maana inatuhusu sana sisi wenye watoto na wazazi ng'ambo. Tangu mwaka 2015 Texas inakuruhusu kusaini hati inayosema: nikifa, nyumba hii iende kwa fulani. Wewe unabaki mwenye nyumba, unaweza kuuza, unaweza kubadili nia. Lakini lazima isajiliwe kabla hujafa. Familia ikiikuta kwenye droo baada ya mazishi, haina nguvu hata kama saini na muhuri vipo. Na ukishaisajili, wosia hauwezi kuifuta. Unaifuta kwa hati nyingine iliyosajiliwa.

Hatua ya mwisho: hakikisha. Kama ulinunua kupitia kampuni ya bima ya hati (title company), ile inayosimamia ununuzi, wao ndio hupeleka hati kwa karani, lakini wewe kagua. Tafuta jina lako kwenye tovuti ya karani, soma herufi kwa herufi. Ukiona kosa, mpigie wakili aandae hati ya masahihisho mapema, maana kosa kubwa linahitaji saini za wahusika walewale, na watu huhama. Ukimaliza mkopo, hakikisha benki imesajili pia hati ya kufuta rehani.

Baada ya wiki chache utapokea barua zenye sura ya kiserikali zikitaka pesa nyingi upewe nakala ya hati yako. Usilipe. Nakala iliyothibitishwa unaipata kwa karani kwa dola chache. Nafuu ya kodi ya nyumba unayoishi huombwa kwingine, kwenye ofisi ya ukadiriaji ya kaunti, na maombi ni bure.