Sauti ya Sridevi Ilikuwa ya Nani?

RUKIA: Haya karibuni tena jamani, mimi Rukia, nipo na mdogo wangu Mbaraka, leo kaja na karatasi kabisa, kaandika mambo matano ya kujifunza kwenye safari ya Sridevi, yule nyota wa picha za Kihindi, tutayafikia inshallah, ila kwanza niacheni niseme kilichonikuta wiki hii maana nimekuja nacho moyoni.

MBARAKA: Mama mdogo huyo.

RUKIA: Mama mdogo ndio. Mnamjua, yule wa Chumbageni. Mgongo ulikuwa unamsumbua nikaenda kumkalia, sasa mchana tumejilaza mkekani nikasema ngoja nimwekee picha ya Himmatwala kwenye simu achangamke, ile ya 1983, Sridevi na Jeetendra, ile yenye mitungi kibao kwenye wimbo. Yeye hata haangalii, kafumba macho anasikiliza tu. Mara ananiambia "Rukia, huyu anaeongea sio Sridevi." Namwambia mama mdogo si huyu hapa namuona! Akasema "uso wake, sauti sio yake. Sridevi ana kisauti chembamba, kama mtoto anaedeka. Mimi Chandni nimeiangalia kwenye deki mpaka mkanda ukakatika, utanidanganya nini."

MBARAKA: Na yuko sahihi mama wa watu! Chandni ni 1989, na ndo picha ya kwanza ya Kihindi Sridevi kuingiza sauti yake mwenyewe. Kabla ya hapo alikuwa anaingiziwa na watu wengine, kuna moja ya 1986, Aakhree Raasta, yupo na Amitabh Bachchan, sauti unayoisikia ni ya mwigizaji mwenzake Rekha.

RUKIA: Rekha huyu huyu?

MBARAKA: Rekha mwenyewe. Na zile za mwanzo kabisa Bombay, kwenye sinema za Kihindi, alikuwepo mama mmoja anaitwa Naaz, ndo alikuwa anamsemea.

RUKIA: Ngoja hapohapo. Naaz alikuwa nani?

MBARAKA: Da' Rukia, karatasi yangu...

RUKIA: Karatasi itasubiri, Naaz alikuwa nani?

MBARAKA: Baby Naaz, nyota mtoto wa miaka ya hamsini, ndo yule binti wa Boot Polish ya 1954, wale watoto ombaomba wanaojifunza kung'arisha viatu. Yule mtoto alitajwa mpaka kwenye tamasha la filamu la Cannes kule Ufaransa. Kakua, kacheza vijisehemu vidogo vidogo, mwisho anasimama chumba cha giza mbele ya maiki anamsemea Sridevi.

RUKIA: Ambae nae alianza mtoto!

MBARAKA: Nae alianza mtoto. Sridevi kazaliwa 1963 kijiji kimoja karibu na Sivakasi huko Tamil Nadu, mji wa fataki na viberiti, na kufika 1969 keshaonekana kwenye picha ya Kitamil. Nikuambie basi kwanini alihitaji wa kumsemea, maana watu wanadhani alikuwa na kasoro. Hapana. Kihindi hakikuwa lugha yake. Huku kwetu tunaita zote picha la kihindi tumemaliza, lakini kule kusini kuna Chennai wana sinema zao za Kitamil, Hyderabad Kitelugu, Kerala Kimalayalam, kila mahali na nyota wao na mashabiki wao wa kufa mtu, na Sridevi alikuwa kote huko kabla Bombay haijamjua. Kerala walimpa tuzo ya mwigizaji mtoto kwa Poompatta ya 1971. Kitelugu, 1972 kacheza mjukuu wa NTR, nyota mkubwa wa huko, halafu 1979 huyohuyo NTR anakuwa mpenzi wake kwenye Vetagadu.

RUKIA: Babu yake!

MBARAKA: Babu yake wa miaka saba nyuma. Na 1976 kwenye Moondru Mudichu ya dairekta Balachander, yupo na waigizaji Kamal Haasan na Rajinikanth, anacheza mwanamke anaeolewa na baba yake Rajinikanth ili amkomoe Rajinikanth, na yeye ana miaka kumi na tatu.

RUKIA: Hilo silipendi na sitalipenda. Mtoto wa miaka kumi na tatu anaenda shule, haendi kuwa mama wa kambo wa Rajinikanth. Hata angekuwa na kipaji cha namna gani.

MBARAKA: Hapo sina la kubishana. Ila mwaka uliofuata ndo ikaja 16 Vayathinile ya dairekta Bharathiraja, walitoka studio wakaenda kupiga kijijini kwenyewe, na yule binti Mayil pale, anavyojivunia kusoma kwake halafu dunia inavyomnyoosha, mimi nasema Sridevi alikuwa keshamaliza kazi pale. Bombay waliichukua wakairudia kwa Kihindi 1979, Solva Sawan, yeye yeye ndani, ikadondoka vibaya. Akarudi kusini miaka kama minne ndo ikaja hiyo Himmatwala ya mama mdogo, nayo ilikuwa ya Kitelugu kwanza, dairekta wake huyohuyo Raghavendra Rao kaihamishia Kihindi.

RUKIA: Sawa, nimeelewa. Sasa sikiliza hoja yangu. Mimi nasema watu wa Kihindi, na sisi wa huku tuliowafuata, miaka yote ile tulikuwa tunapewa nusu ya Sridevi. Mwigizaji ni sauti. Ukinuna sauti inanuna, ukiogopa sauti ndo inaanza kutetemeka kabla ya mkono. Wewe unampenda mtu, unamlilia, kumbe pumzi unayoisikia ni ya mama mwingine kabisa.

MBARAKA: Da' Rukia mbona kwenye nyimbo hulalamiki? Hawa Hawai ya Mr. India, aliyeimba ni Kavita Krishnamurthy. Mere Haathon Mein, ile ya bangili ambayo hakuna arusi ya Tanga haikupigwa, ni Lata Mangeshkar. Hujawahi kusema umepewa nusu.

RUKIA: Sio sawa kabisa! Lata jina lake limeandikwa kwenye kasha la kaseti. Watu wananunua kwa ajili ya Lata. Naaz nani alimjua? Mama mdogo kamsikia miaka arobaini hana habari kama yupo!

MBARAKA: Basi unacholilia ni jina, sio sanaa.

RUKIA: Nalilia vyote viwili.

MBARAKA: Hapana, chagua. Maana kama ni jina nipo na wewe mia kwa mia, Naaz aandikwe kwa herufi kubwa. Ila ukisema uigizaji ni nusu hapo nakukatalia. Yule Sridevi kwenye seti anasema maneno yote, mdomo wake ndo unaongoza, mwenye kuingiza sauti anamfuata yeye, anafuata jicho lake linapopepesa, anafuata anapomeza mate. Kaangalie Moondram Pirai ya 1982, dairekta Balu Mahendra. Binti kapata ajali akili imerudi utotoni, katupwa danguroni, mwalimu Kamal Haasan anamtoa anampeleka milimani huko upande wa Ooty anamlea. Mwisho binti anapona, sasa kapona, hamkumbuki yule bwana hata kidogo. Treni inaondoka, Kamal anakimbia kwenye tope anarukaruka kama nyani, michezo aliyokuwa anamchezea, ili amkumbuke, na Sridevi dirishani anamtazama kama chizi tu la stesheni. Maneno hayana kazi pale! Ule mtazamo wa huruma anaompa mtu asiyemjua, unataka sauti ya nini?

RUKIA: Hiyo si ndo Sadma?

MBARAKA: Sadma ya 1983 ni hiyohiyo, dairekta yuleyule, Kamal yuleyule, Sridevi yuleyule, muziki Ilaiyaraaja yuleyule, wakairudia Kihindi. Na treni inauma vilevile.

RUKIA: Sasa si umenisaidia? Mpaka akae kimya ndo umsifie. Mimi nakutolea English Vinglish, 2012. Kakaa miaka kumi na tano bila picha tangu Judaai, kalea watoto, anarudi anacheza Shashi, mama anaepika ladu, mume na binti wanamcheka hajui Kiingereza. Yuko New York mgahawani, anaagiza kahawa, yule dada wa kaunta anamfokea, na Sridevi maneno yanamkwama kooni, yanatoka vipandevipande. Mweke mtu mwingine aseme vile vipande uone kama utalia. Mwanamke aliyeingia Bombay hajui lugha, wakamuwekea sauti ya mtu, miaka thelathini baadae anacheza mwanamke anaechekwa kwa lugha, na anasema mwenyewe. Mimi pale nililia kwa kwikwi Mbaraka, na sio kwa ajili ya Shashi peke yake.

MBARAKA: Hiyo sehemu ya kahawa nakubali ni kubwa. Lakini haifuti Nagina, haifuti ChaalBaaz akiwa mapacha wawili tofauti...

RUKIA: ChaalBaaz ni 1989, mwaka uleule wa Chandni!

MBARAKA: Haya toa ChaalBaaz. Haifuti Mr. India ya 87, pale anapojigeuza Charlie Chaplin kwenye kasino, na Chaplin mwenyewe ni mtu wa bila sauti!

RUKIA: Unaona unavyokimbilia kwenye kimya tena.

MBARAKA: Sikimbilii, ndo sinema ilipo. Kamal alipata tuzo ya taifa kwa Moondram Pirai, Sridevi wakamruka, mpaka leo naona walimdhulumu. Ya kwake ya taifa imekuja 2018 kwa picha ya Mom, na yeye Februari ya mwaka huohuo keshafariki kule Dubai.

RUKIA: Mungu amrehemu. Na Mom alisema mwenyewe.

MBARAKA: Na angesemewa bado angeistahili.

RUKIA: Nakataa.

MBARAKA: Kataa tu dada, mimi sisogei.

RUKIA: Wala mimi. Na fundi ananionyesha vidole viwili hapa, dakika mbili. Karatasi yako je?

MBARAKA: Hatujagusa hata moja! La kwanza lilikuwa nidhamu yake, la pili... ah basi, dakika mbili hazitoshi hata la kwanza. Hata Kshana Kshanam ya Kitelugu sijaitaja, 1991, anavyochekesha mle na Venkatesh.

RUKIA: Na mimi sijasema kwamba kwenye Chandni, ule wimbo wenye jina la picha, ameimba mwenyewe Sridevi. Kaingiza sauti mara ya kwanza na wimbo juu! Msikilizeni hapo, ndo mtajua mama mdogo alikuwa anasema nini.

MBARAKA: Waanze na Moondram Pirai.

RUKIA: Waanze na Chandni, na waweke sauti juu.

MBARAKA: Moondram Pirai, hata wakizima sauti kabisa.

RUKIA: Fundi, zima maiki ya huyu.