Kamba ambayo hakuna anayetaka kuivuta

Asanteni sana. Mi naanza na Dodoma mwaka 1994, maana wengi wanadhani habari ya kufuta adhabu ya kifo tumeletewa na wazungu, hapana jamani, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu ya kwetu hapa, kwenye kesi ya Mbushuu aliyeshtakiwa kwa mauaji, alipima akasema kumnyonga mtu ni ukatili, kunamdhalilisha na katiba yetu inakataza. Ikakatwa rufaa. Januari 1995 Mahakama ya Rufani ikatoa jibu ambalo mpaka leo linaniuma: ikakubali kwamba ndiyo, adhabu hii ni ya kikatili na inadhalilisha, ila ibara ya 30 ya katiba inairuhusu, basi iendelee. Yaani tumeambiwa kabisa na mahakama ya juu kwamba ni ukatili, alafu tumebaki nayo!

Na mwaka huohuo wa 1994 ndo mara ya mwisho tulipomnyonga mtu. Miaka zaidi ya thelathini marais wanapokezana na hakuna anayetaka kusaini hati ya kunyonga, lakini kule mahakamani kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu hakijamwachia jaji nafasi, ukipatikana umeua kwa kukusudia ni kunyongwa tu, labda uwe na mimba au ulikuwa chini ya miaka 18. Kijana aliyesimama nje akiangalia mlango wakati wenzake wanaua ndani anaweza kupata hukumu ileile ya aliyepanga mauaji. Uganda waliondoa hiyo lazima 2009, Kenya 2017, na 2019 mahakama ya Afrika ya haki za binadamu iliyoko hapahapa Arusha ikatuambia na sisi kwamba hiyo lazima inavunja haki ya kuishi.

Sasa najua humu kuna mtu aliyeuliwa ndugu yake na ananisikiliza kwa uchungu, mama pole sana, siwezi kukwambia usamehe, hiyo si kazi yangu. Ila sheria imekuahidi kitu ambacho haijampa mtu yeyote tangu 1994, na aliyemuua ndugu yako yuko ndani kila siku anasubiri, ukisikia leo kabadilishiwa kifungo cha maisha kidonda kinafunguka upya. Kifungo cha maisha kingetolewa siku ileile ya hukumu ungeondoka pale ukijua kesi yako imeisha.

Na kubadili kifungu cha 197 hakuhitaji katiba mpya, ni muswada wa kawaida tu bungeni.