Kila kitu kina jicho lake

Haya jamani, shikamooni wazee wangu, na nyie vijana mambo vipi. Nimeambiwa nina dakika arobaini, nikizidisha mnipigie makofi nishuke. Mimi si profesa, mimi ni fundi, nilianzia studio ya picha hapahapa Moshi mjini enzi zile za mikanda, studio zilivyokufa nikaenda kufanya umeme kwenye mashamba ya maua upande wa Arusha, na sasa hivi nafunga sola. Kwa hiyo maisha yangu yote nimekula kwa mwanga, na kilichoniingia kichwani miaka yote hiyo ni kimoja tu, kwamba hakuna kitu kinachoona mwanga wote. Kila kitu kina jicho lake, kinaona kipande chake, vilivyobaki kwake ni giza tu.

Nianze na studio. Tulikuwa na chumba cha giza ambacho ndani kina taa nyekundu, na mteja akichungulia lazima aulize, sasa giza gani hili lina taa? Ile karatasi ya picha nyeusi na nyeupe imepakwa chumvi za fedha, fedha kabisa hii ya pete, na mwanga wa bluu ukizigusa zinabadilika, ukitia kwenye dawa sehemu ile inakuwa nyeusi. Nyekundu haizifanyi kitu. Kwa nini? Kwa sababu mwanga unakuja kwa punje, Einstein alilisema hilo 1905, na punje ya bluu ina nguvu kuliko punje ya nyekundu. Chukua parachichi liko juu mtini, ukilirushia mchele, hata umalize gunia zima halidondoki, ila jiwe moja likilipata limekuja chini. Ndo hivyo. Siyo wingi, ni uzito wa punje mojamoja.

Sasa siku moja niko ndani nasafisha picha za harusi, boksi zima la karatasi liko wazi mezani, jirani akafungua mlango kwa nguvu, alikuwa anatafuta chenji ya elfu kumi tu. Sekunde moja. Nikaichukua karatasi nikaitia kwenye dawa, nikaona inaanza kuwa ya kijivu, halafu nyeusi, halafu tii kama sufuria ya mbege, bibi harusi hayupo, bwana harusi hayupo. Bahati mkanda ulikuwa salama kwa hiyo picha nilirudia, lakini boksi la karatasi ndo limeenda na nililipa mwenyewe.

Sasa hapo niende shambani, maana ndo nilipochanganyikiwa.

Kuna yale maua ya krisanthemamu. Shamba nililokuwepo, sitalitaja, walikuwa hawauzi ua, wanauza vipandikizi vya kusafirisha nje, kwa hiyo mmea hawataki kabisa uchanue, wanataka uendelee kutoa machipukizi tu. Shida ni kwamba huu mmea unachanua usiku ukiwa mrefu, na huku kwetu karibu na ikweta usiku ni masaa kumi na mbili mwaka mzima, yani ukiuacha hivihivi wenyewe unajua msimu umefika. Wanachofanya, usiku wa manane wanawasha taa kwa masaa kadhaa, taa yenyewe hafifu tu. Usiku ukikatwa katikati mmea unahesabu usiku mfupi mara mbili, unajua bado. Mimi kazi yangu ilikuwa hizo taa na taima yake.

Basi fyuzi ya laini moja ikakatika, pembeni kabisa mwa greenhausi. Nani atajua? Mlinzi anaona kwa mbali taa zinawaka, mimi nakuja asubuhi zimeshazima zote. Kama wiki tatu baadaye msimamizi ananiita, ananionyesha tuta, tena hakuongea, alinyoosha kidole tu. Kuanzia nguzo fulani mpaka ukutani kila shina lina kitumba kichwani, na upande wa pili wa nguzo hakuna hata kimoja. Mstari umenyooka utasema umepigwa na rula. Mmea ulikuwa umenichorea ramani ya fyuzi yangu. Mshahara wa mwezi ule msiuulize.

Nikaanza kusoma kwa hasira. Kumbe Wamarekani wawili, Garner na Allard, 1920 walishaandika habari ya tumbaku iliyokuwa inagoma kuchanua kiangazi huko Maryland, wakagundua inaangalia urefu wa siku. Halafu 1952, jimbo hilohilo, kituo cha utafiti cha Beltsville, watu wakachukua mbegu za saladi wakazimulika nyekundu, zikaota. Wakazimulika nyekundu ile iliyo mwishoni kabisa, ambayo jicho letu linaiona kwa shida, zikagoma. Wakamulika hii, kisha ile, kisha hii, mara nyingi, na mbegu ilikuwa inafuata tochi ya mwisho tu, zilizotangulia zote imezisahau. Ndani ya mmea kuna rangi fulani inageuka huku na huku kama swichi, na hiyohiyo ndo inayokagua usiku wa krisanthemamu.

Sasa mnaona kilichonichanganya? Nyekundu, ile taa ambayo karatasi yangu haikuiona miaka yote, mmea ndo unaiona kuliko zote! Ukitaka kuingia usiku kwenye tuta la kutunzwa gizani, wale wanaojua wanabeba tochi ya kijani.

Ngozi nipite haraka. Yenyewe jicho lake ni ile miale ya jua tusiyoiona, wanaiita UV, na melanini, ile rangi ya ngozi, ndo inayoizuia, na ndugu zetu wenye ualbino wanayo kidogo sana au hawana. Wingu jepesi haliizuii sana, kwa hiyo usiseme leo Moshi kuna baridi na mlima umefunikwa basi niko salama. Hapo hospitali ya KCMC kwenye kituo cha ngozi walianza kutengeneza mafuta yao wenyewe ya kukinga jua, Kilisun, kwa ajili ya watu hao, na mimi nadhani ni kitu cha kujivunia kuliko hata kahawa, samahani wakulima. Miale hiyohiyo ndo inaweka giza kwenye ile miwani inayobadilika juani, na ndo maana dereva akiivaa ndani ya gari anaona imegoma, anasema kauziwa feki. Siyo feki mzee, kioo cha mbele kimeizuia.

Toeni simu. Kamera ya mbele, siyo ya nyuma, ya nyuma nyingi zina kichujio. Hii rimoti ya tivii nabonyeza, macho matupu mnaona nini? Hamna. Haya angalieni kwenye simu... eeh! Ile zambarau inayopepesa. Simu inaona na wewe huoni.

Paneli ya sola nayo inaona mpaka huko kwenye mwanga wa rimoti, uliopita nyekundu, maana ni silikoni kama kamera. Lakini ina wivu. Paneli nyingi ndogo za volti 12 zina vipande 36 vimeungwa mnyororo, umeme unapita kimoja baada ya kingine, kimoja kikifunikwa kinawabana wenzake wote, kama daladala imeharibika kwenye barabara ya njia moja. Mzee mmoja wa Kibosho aliniita, paneli imekufa. Nikapanda juu, jani la mgomba limelala kwenye kona. Nikalikata. Akaniuliza na hiyo nayo unalipwa? Na ukifunga acheni nafasi ya hewa, paneli inapenda mwanga haipendi joto, kila nyuzi moja inapungua kama asilimia 0.4, sasa juu ya bati saa sita mchana ikifika nyuzi 60 wakati imepimwa kwa 25, umepoteza kama asilimia 14.

Naona mama pale nyuma kanyoosha mkono muda mrefu. Enhe mama?

Anasema maharage yake ya kupanda juu yamejaa majani, yamekataa maua, ila upande wa taa ya ulinzi tu. Mama, hujalogwa. Maharage mengine yanasubiri usiku mrefu kama yale maua. Hiyo taa izime wiki chache.

Anasema, nizime wezi waingie? Hahaha. Hapana mama, nunua ya sensa, inaona joto la mwili, iko kimya mpaka mtu apite. Ila mbwa pia ana joto, mfunge.