Kamba ya Meli Ikikatika, Umesimama Wapi?

Watu wangu wa Nairobi, hamjambo? Wengi mmeuliza baharia wa deki hufanya nini hasa. Mnasikia ni kupiga deki na kukwangua kutu. Hizo zipo, tena kila siku. Lakini baharia hupimwa siku meli inafunga gati, kwa hivyo leo ni kamba tu.

Kamba ya kufungia meli ni nene kuliko kiwiko cha mtoto, na roli moja kwa kawaida ina mita 220. Huwezi kuirusha. Unaanza na kamba nyembamba ya kutupia: nusu ya mikunjo mkono huu, nusu mkono ule, unaitupa ukilenga upande upepo unakotoka. Fundo la mwisho lisitiwe chuma ndani, kule chini kuna vichwa vya watu. Wa gatini wakishavuta, jicho la kamba nene, yaani kitanzi cha mwishoni, linaingia kwenye nguzo. Wakikuta jicho la meli nyingine, lako lipite ndani yake kutoka chini, ndipo yeyote aweze kung'oa kwanza.

Sasa winchi, mashine ya kuvuta kamba. Zungusha kamba mara tatu au nne kwenye ngoma yake, simama angalau mita moja nyuma, na mwenzako avute ile inayolegea. Ukiikaribia ngoma, kamba ikiteleza ghafla inaondoka na mkono wako. Usikanyage ndani ya kitanzi hata kikiwa kimelala kimya, kwa sababu kikikaza ni mguu.

Kamba ya nailoni hunyumbuka sana kabla ya kukatika, na nguvu yote ile hurudi mara moja. Mara nyingi chanzo ni msuguano kwenye kona ya chuma, au breki ya winchi kukazwa kupita kiasi huku meli inavutwa na upepo. Zamani walipaka rangi sehemu za hatari wakadhani kwingine ni salama. Kamba ikiwa imepita kwenye roda, lile gurudumu la kupitishia kamba, haichapi mstari ulionyooka. Inafagia deki kama fagio. Ichukulieni deki yote kuwa hatari. Tangu 1 Januari 2024, SOLAS, mkataba wa kimataifa wa usalama wa meli, inataka kila meli ikague kamba zake na kuweka kumbukumbu. Ukiona nyuzi zimekatika au zimeyeyuka, mwambie sarahangi, mkuu wa mabaharia wa deki, kabla ya kufunga, si baadaye.

Wewe uliye Kayole au Rongai, toa kamba ya kuanikia nguo. Tengeneza kitanzi kidogo, ncha ipande kupitia humo kutoka chini, izunguke nyuma ya kamba ndefu, irudi chini kwenye kitanzi kilekile, kisha kaza. Hilo fundo halitelezi, na hata likiwa limevutwa sana, ukitaka kulifungua hufunguka kwa urahisi. Rudia mpaka uweze gizani.

Kuhusu karatasi: mafunzo ya msingi ya STCW, mkataba wa kimataifa wa mafunzo ya mabaharia, ni kujiokoa majini, kuzima moto, huduma ya kwanza na usalama wa kazini. Mombasa kuna Bandari Maritime Academy, na msimamizi ni Kenya Maritime Authority. Wakala wa mjini akitaka pesa ili akupe kazi melini, ondoka. Mkataba wa MLC wa 2006, unaolinda haki za mabaharia kazini, unamkataza kumtoza baharia ada ya kumtafutia kazi. Gharama zako ni pasipoti, cheti cha afya na kitabu cha baharia, basi. Viza ni ya mwenye meli.